Wazee Wasioitikia

Ukumbi wa Wazee ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: ukiingia, unaamkia. Usijali kwamba mle ndani hamna mtu. Kulikuwa na viti vya mbao, feni moja, na ukuta wenye matundu madogo madogo ya spika, basi. Lakini unasimama mlangoni, unavua kofia ya kazi, unasema "Shikamooni wazee," na hapo ndipo mtambo unapowaamsha.

Kidawa Mloka akavua kofia, akaamkia.

"Marahaba," ukuta ukaitikia. "Marahaba, mwanetu. Karibu uketi."

Akaketi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya treni pale Morogoro, mama wa binti mmoja aliyekwisha kuwa mtu mzima, na kwa muda sasa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi ya mfuko wao wa pensheni. Wazee waliomwitikia walikuwa wafanyakazi wenzake, ila si wa leo. Walikuwa wa miaka arobaini ijayo. Kila mwanachama wa mfuko alivalishwa kikuku siku aliyoajiriwa, na kikuku kilipima moyo wake, damu yake, pumzi na jasho. Mtambo ulichukua hayo yote, ukachanganya na joto la mji, maji ya mto, vumbi la kazini, na mahali fedha za mfuko zilipopelekwa, kisha ukamzeesha kila mtu taratibu ndani ya mahesabu yake mpaka akaota mvi. Halafu ukampa sauti. Wapo waliosema huo ni uchawi wa wasomi. Kidawa alikuwa akisema afadhali uchawi unaojieleza kuliko bosi asiyejieleza.

Na sheria iliyoandikwa ilikuwa hii: hakuna mjumbe wa bodi atakayepiga kura ya kuwekeza fedha za pensheni kabla hajakaa na wazee watakaozila.

"Nianze na Tanuri," Kidawa alisema.

Tanuri lilikuwa pendekezo la kwanza. Kampuni moja ilitaka kujenga juu ya mto tanuri la kuyeyushia madini ya betri, na ilitafuta wa kuweka fedha. Lingelipa upesi na lingelipa sana. Kidawa akawaamkia wazee wake, na marahaba yao ikaja mara moja.

"Tunakula vizuri, mwanangu," mzee mmoja akasema. "Pensheni inafika, na nyingine inabaki."

"Mimi meno yangu yote mapya," bibi mmoja akadakia, akacheka kuonyesha, kama kwamba Kidawa angeyaona. "Na vyumba vya baridi vya kukwepea joto ninavyo viwili."

"Mungu awape maisha mliotuwazia haya," mzee mwingine akaongeza.

Kidawa akajisikia vizuri, nani asingejisikia? Akawashukuru, akaomba wa Misitu. Hilo lilikuwa pendekezo la pili: mfuko ununue miteremko ya mlima iliyobaki kipara, uipande miti, uilinde, halafu uuze maji kwa miji ya chini. Fedha yake ingerudi kwa mwendo wa kinyonga.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba!" "Marahaba." "Nani huyo?" "Kidawa." "Kidawa yupi?" "Yule mwakilishi!" "Ahaa! Marahaba, hebu njoo hapa wewe!"

Lo! Walimsema. Mmoja akauliza hii ni pensheni au ni ya kununulia dagaa. Mwingine akauliza alikuwa amekunywa nini siku ile ya kura. Mzee mmoja akagombana na mwenzake kuhusu nani alikuwa na zamu ya kusema, bibi mmoja akawaambia wote wanyamaze maana anaongea na mtoto, na nyuma kabisa palikuwa na mtu anayekoroma. Kidawa alicheka mpaka akafuta machozi. Hata hivyo alipotoka alikuwa amekwisha kuamua. Wazee wa huku wanabariki, wazee wa kule wanatukana. Mwenye akili timamu angechagua nini?

Mihayo Kasanda alikuwa akimngoja kwenye ngazi. Yeye ndiye mwakilishi wa pili wa wafanyakazi, fundi wa breki, Mnyamwezi wa watu. Na kwa kuwa Kidawa ni Mluguru, walikuwa watani kabla hata hawajajuana majina.

"Mtani, mbona macho mekundu? Wamekuchapa?"

"Wa Tanuri wamenibariki. Wa Misitu wamenitukana matusi ya nguoni."

"Wa Misitu hao ni Waluguru watupu. Nyinyi hata peponi mtalalamikia mto una maji mengi."

"Na nyinyi mtaomba mzigo mbebe."

Wakacheka, kisha wakarudi kwenye kura, maana ilikuwa keshokutwa. Bodi ilikuwa na wajumbe wanne, wawili wa waajiri na wawili wao. Wale wa waajiri walikwisha kusema wazi kwamba wanataka Tanuri. Lakini sheria iliwapa wafanyakazi meno: uwekezaji wowote unaogusa maji, hewa au ardhi ya wanachama hauwezi kupita bila wawakilishi wao wote wawili kukubali. Mmoja akikataa, pendekezo limeanguka.

"Mimi nakusikiliza wewe," Mihayo akasema. "Wewe ndiye mwenye mama anayengoja."

* * *

Kweli, mama alikuwa anangoja.

Morogoro ya miaka hiyo saa sita mchana haikuwa ya mtu kuzurura. King'ora cha joto kikilia, karakana ilifungwa mpaka alasiri, na wazee walitakiwa wawe ndani ya chumba cha baridi. Asiye na chumba aliazima baridi kwa jirani, na desturi ilikuwa kuja na kitu mkononi, sukari kidogo au kichane cha ndizi, maana baridi ni umeme na umeme haudondoki kutoka mbinguni.

Bi Chausiku, mama yake Kidawa, alikuwa ameshona viti vya treni maisha yake yote ya nguvu. Sasa alikuwa na pensheni, chumba kidogo cha baridi, na mashoga waliokuja kuazima. Lakini pensheni haikutosha kukiwasha mchana mzima. Alikuwa anawasha, anazima, anajipepea kwa kipepeo cha ukili, anawasha tena, na juzi juzi alianguka jikoni wakati kimezimwa. Daktari alisema moyo wake hautaki mchezo na joto.

"Hiyo nyongeza inakuja au haiji?" ndilo neno la kwanza alilomwambia binti yake.

"Shikamoo mama. Hata sijakaa."

"Marahaba. Kaa basi, halafu uniambie umekaa."

Mashoga wakacheka. Walijazana kitandani na mkekani, kanga mabegani, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya nyongeza. Walisikia kwamba Tanuri likipita, wastaafu wa leo wataongezewa kabla ya mwaka kwisha. Ndivyo ilivyokuwa, Kidawa akawaambia. Na Misitu ikipita? Ikipita Misitu, akasema, mngoje.

"Mimi wa kungoja?" Bi Chausiku akauliza. "Mwanangu, mimi kungoja kwangu kumebaki kidogo."

Kidawa akamwangalia, akaona mishipa ya shingo ilivyotokeza, akaona ukili ulivyochakaa mkononi. Alikuwa akifungua mdomo kumwambia asiwe na shaka, kura ni yake, mlango ukafunguliwa na hewa ya moto ikaingia pamoja na binti yake Zamda. Zamda alikuwa mwaka wa kwanza kazini, chumba kilekile cha kuchomelea cha mama yake, na bado alikuwa anajivunia matundu ya cheche kwenye ovaroli.

"Shikamooni!"

Wakaitikia. Bi Chausiku akaitikia wa kwanza, kwa sauti ya mwenye nyumba. Shoga mmoja akaitikia huku anatafuna. Wawili wakaitikia pamoja. Yule asiyesikia vizuri akauliza nani kaingia, akaambiwa, akaitikia peke yake wakati wengine wamekwisha kuhamia mazungumzo mengine: "Marahabaaa!" Zamda akacheka, akamwinamia na kumshika mikono yote miwili.

Kidawa alikuwa na kikombe mkononi. Hakukifikisha mdomoni.

Aliisikia tena ile marahaba ya Tanuri. Ilikuwa safi. Ilikuja mara moja, ikakata. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeuliza ni nani, hakuna aliyekoroma. Wale wa Misitu waliitikia kama hawa wa hapa chumbani, wakikanyagana. Wa Tanuri waliitikia kama watu wanaoweza kukaa kwenye benchi moja.

"Mama, vipi?" Zamda akauliza. "Umeona nini?"

"Sijaona," Kidawa akasema. "Nimesikia."

* * *

Mhandisi aliyeutunza mtambo aliitwa Leokadia Rwiza, mtu wa Bukoba, na hakuna mgeni aliyeingia ofisini kwake bila kupewa punje za kahawa ya kutafuna. Kidawa akapokea, akaziweka kiganjani, asizile.

"Mhandisi, wazee wa Tanuri ni wangapi?"

Leokadia akaacha kutafuna. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Nilikuwa najiuliza ni mwakilishi gani atakuja kuniuliza hilo," akasema. "Nilianza kudhani nitastaafu kwanza."

"Kwa hiyo unajua."

"Mtambo unajua. Mimi nimekatazwa kusema, dada Kidawa, na walionikataza ni ninyi."

Kidawa akakumbuka. Ilikuwa siku ya kuzindua Ukumbi, uwanja wa karakana umejaa, watu wamekuja na watoto. Katika kuujaribu, mtambo uliambiwa utoe sauti ya uzeeni ya dereva mmoja wa winchi, kijana mnene mcheshi. Ukasema kwa sauti nzuri ya upole: "Mwanachama huyu hatafika." Mkewe alipiga yowe akaanguka pale pale. Watu wakasimama. Uchuro! Mtamtajaje mtu hai miongoni mwa wafu? Wazee wa karakana wakasema kama kitu chenyewe ndicho hiki, basi kibomolewe leo leo. Wakatulizwa kwa ahadi, ikapigiwa makofi, na Kidawa naye alipiga: mtambo usimtaje kamwe asiyefika. Uongee na waliopo tu.

"Nilitii," Leokadia akasema. "Na sikuona vibaya kutii. Yule mke wa dereva alinililia miguuni. Nikaufundisha mtambo adabu. Asiyefika, unamruka. Haumsemi, haumpi kiti."

"Na tangu hapo sisi tunakuja, tunawauliza waliobaki kama maisha ni mazuri."

"Na waliobaki wanawaambia ukweli. Kwao ni mazuri." Leokadia akazisukuma punje za kahawa mezani kwa kidole. "Tanuri linalipa, sikatai. Lakini pensheni ile kuwa nono vile si kwa sababu ya Tanuri peke yake. Ni kwa sababu pia wa kugawana ni wachache."

Kidawa akafumba kiganja juu ya punje zake.

"Hakuna mlipuko," mhandisi akaendelea, "wala moshi wa kutisha. Majivu yake yanashuka mtoni kidogo kidogo, chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Mtu mwingine angeyanywa maji ya mto asidhurike. Lakini ninyi mnafanya kazi kwenye joto, mnatoka jasho, mnakunywa maji hayo kwa madumu. Figo zinachoka. Mtu anaanza kuumwa mgongo, anadhani ni kazi."

"Na Zamda?"

"Usiniulize mtu mmoja."

"Namuuliza mwanangu!"

"Ndiyo maana nakuomba usiulize. Kwa mtu mmoja mtambo unabahatisha, kama mimi na wewe. Kwa wengi ndipo haukosei sana. Nikikutajia jina lake leo, na pengine si kweli, kesho asubuhi utamwangaliaje akikuaga anakwenda kazini?"

Basi hapo ndipo Kidawa alipokwama. Akilipigia Tanuri kura ya ndiyo, mama yake atalala kwenye baridi mpaka siku yake ifike kwa heri. Akikataa, anamwacha mama na ukili, na moyo ule, na joto la Februari hiyo inayokuja. Na ili akatae kwa haki, awaeleze wenzake kwa nini, ilibidi wafu wasemwe. Na kuwasema watoto wa watu wangali wanacheka na kula, huo ni uchuro ule ule walioulilia wote. Alishika kichwa. Alitamani angekuwa fundi tu, mwenye kofia yake na moto wake, asiulizwe na mtu.

"Ukiombwa na wawakilishi wote wawili," akauliza hatimaye, "unaweza kuufungua?"

"Ninyi mlifunga, ninyi mnaweza kufungua. Majina sitatoa. Lakini mkitaka waitike karakana kwa karakana, kama mnavyoitana asubuhi, hilo mtambo unaweza."

* * *

"Umekuja kwa mtu sahihi," Mihayo akasema alipokwisha kumsikiliza. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha behewa bovu, kila mmoja na dumu lake la maji, na kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa wanayatazama yale maji. "Hebu nikuulize. Nyinyi Waluguru mkifa, nani anawazika?"

"Nyinyi."

"Nani anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe chochote?"

"Nyinyi. Tena mnatufilisi."

"Nani anasimama mbele ya wafiwa anamtukana marehemu kwamba alikuwa mchoyo, na hakuna wa kumgusa?"

Kidawa akaanza kuelewa. "Mtani."

"Basi. Wewe ukimtaja mfu ni uchuro. Mimi nikimtaja ni kazi yangu. Nyinyi mlipouambia mtambo unyamaze, mlisahau kwamba kwenye msiba huwa kuna mtu wa kusema." Akajipangusa suruali, akainuka. "Twende nikawatukane."

Waliingia Ukumbini asubuhi ya kesho yake, Leokadia akiwa kwenye chumba cha pembeni. Kidawa akavua kofia. Mihayo hakuvua. Aliusukuma mlango kwa mguu, akajishika kiuno.

"Enyi marehemu msio na adabu!" akapiga kelele. "Mnakufa kabla ya kulipa madeni ya pombe! Leo hakuna kujificha. Nikiita karakana, karakana iitike, mtu na sauti yake. Mwenye kukosa, nitamjua!"

Kidawa alitaka kucheka na kulia. Kucheka kukashinda.

Wakaanza na Misitu, ili wajue sauti kamili inakuwaje. Mihayo akaita kama msimamizi wa zamu anavyoita asubuhi.

"Wa breki, shikamooni!"

Marahaba zikamiminika.

"Wa mabehewa!"

Zikamiminika tena, na mzee mmoja akauliza chai iko wapi.

"Wa kuchomelea!"

"Marahaba!" "Marahaba, wewe Mnyamwezi!" "Marahaba, na mwambie huyo Kidawa pensheni ni ndogo!" Ziliendelea kuja mpaka Mihayo akainua mkono kuomba waache. Wengine hawakuwepo, hilo lilieleweka, watu hufa. Lakini ulikuwa umati.

"Sasa Tanuri," Kidawa akasema.

"Wa breki, shikamooni!"

Wakaitikia. Walikuwa watu wa kujaza meza moja. Mihayo alikuwa ameandaa neno la mzaha, Kidawa aliliona mdomoni mwake, lakini hiyo ilikuwa karakana yake mwenyewe, na lile neno hakulisema.

"Wa mabehewa!"

Wachache.

"Wa kuchomelea, shikamooni!"

Feni ikazunguka. Leokadia alikuwa ameufungua mtambo usimruke mtu, uache nafasi ya kila aliyekosekana, na nafasi zile zikapita moja baada ya nyingine bila sauti.

"Wachomeleaji!" Mihayo akaita. "Hata marahaba mnatunyima? Nyinyi ni wachoyo tangu zamani, tunawajua!"

Kimya.

"Jamani," akasema, na sasa hakuwa anatania. "Wa kuchomelea. Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," sauti moja ikasema.

Ilikuwa sauti ya bibi, kavu na yenye upole. Kidawa akashika kiti cha mbele yake.

"Mko wangapi huko, bibi?" Mihayo akauliza.

"Ni mimi hapa. Wenzangu sijui wamekawia wapi." Bibi akakohoa kidogo. "Lakini tusilalamike. Nalipwa vizuri. Nalipwa vizuri sana. Chumba changu kina baridi mpaka najifunika blanketi mchana. Ila njooni, jamani. Njooni hata bila sukari. Hakuna anayekuja kuazima."

Katika karakana ya kuchomelea wanawake vijana walikuwa kadhaa. Bibi yule angeweza kuwa yeyote kati yao. Angeweza kuwa Zamda, aliyefika. Angeweza kuwa mwingine, na Zamda akawa mmoja wa zile nafasi zilizopita kimya. Swali lilikuwa tayari limesimama ulimini mwa Kidawa, *wewe ni nani, bibi*, na alijua kwamba bibi mwenyewe angelijibu. Mihayo akamshika mkono. Hakumvuta, alimshika tu.

Kidawa akapumua.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Tutakuja."

* * *

Kikao cha bodi kilikuwa kifupi. Wajumbe wa waajiri hawakuwa watu wabaya. Walikuja na michoro yao ya mapato, wakaieleza vizuri, na walipoambiwa wasikilize walichosikia wenzao walikaa Ukumbini, wakatoka michoro yao wameikunja. Mmoja alisema mtambo unaweza kukosea. Kidawa akamjibu kwamba ni kweli, unaweza, na kwamba hata wazee wale wenye furaha ulikuwa unaweza kukosea, lakini hao hakuna aliyewatilia shaka.

Mihayo akakataa Tanuri. Kidawa akakataa Tanuri, akaipigia kura Misitu. Alipoulizwa sababu ya kuingizwa kwenye kumbukumbu, akasema: "Tunataka wa kugawana nao wawe wengi." Akaomba pia kwamba wakati wa king'ora kantini ya karakana, yenye baridi ya bure, ifunguliwe kwa wastaafu. Bodi ikasema italiangalia, na bodi ikisema italiangalia, unajua mwenyewe.

Jioni ile alitembea kwenda kwa mama yake kwa miguu mizito. Habari ilikuwa imemtangulia. Mashoga hawakuwepo. Chumba cha baridi kilikuwa kimezimwa, na Bi Chausiku alikuwa amekaa barazani anajipepea, uso ameuelekeza barabarani.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia.

Kidawa akangoja. Katika maisha yake yote, hata siku aliyovunja chungu, hata siku aliyorudi nyumbani na mimba ya Zamda, hakuwahi kunyimwa marahaba na mama yake. Akakaa chini kwenye ngazi, akaeleza. Alieleza mto, maji ya madumu, na bibi mmoja mwenye blanketi. Hakuficha kitu, hata lile la Februari.

"Kwa hiyo umenipigia kura mimi nipate joto," mama akasema mwishowe, bado anatazama barabara, "ili ambao hawajazeeka wazeeke."

"Ndiyo, mama."

"Umesema ndiyo. Hujatafuna tafuna maneno."

"Sijatafuna. Na inaniuma."

"Ikuume," Bi Chausiku akasema, na ukili ukaendelea kwenda na kurudi.

Giza lilikuwa bado, jua lilikuwa linapunguza ukali juu ya mlima kipara, na Kidawa alijua kwamba hata miti ikipandwa kesho, mama yake hatakaa chini ya kivuli chake. Akasikia buti njiani, akasikia mtu anapiga mluzi, na Zamda akatokea na dumu lake begani, uso umejaa masizi, ana njaa baada ya kazi.

"Shikamoo, bibi!"

Ukili ukasimama. Bi Chausiku akamtazama mjukuu wake kuanzia kwenye buti mpaka kwenye kofia, akamtazama muda mrefu mpaka Zamda akaanza kujikagua ana nini.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba tena. Nawe uje uamkiwe mpaka uchoke kuitikia."

"Amina, bibi. Mbona leo nyingi hivyo?"

"Chukua tu, usiulize." Akampa ukili, akajinyanyua kwa kushika ukuta, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka: "Na mwambie mama yako nimemsikia alivyoniamkia. Marahaba yake bado inapikwa. Asiondoke."

Kidawa hakuondoka.